Tsona Hakumlilia Milkana

Kila tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake, televisheni yetu huonyesha filamu ya Milkana. Jina lake hasa ni refu, lakini hapa Topolnik hakuna anayelitumia, na nadhani Bulgaria nzima ni hivyo hivyo. Tunasema tu "leo kuna Milkana", na kila mtu anajua aweke leso karibu. Mume wa Milkana anakwenda vitani. Milkana anafua shati lake, analikunja, anakaa nalo kwenye benchi nje ya lango. Masika yanamkuta pale, kiangazi kinamkuta pale, theluji inamwangukia mabegani. Wanaume wanakuja kumposa, anawageuzia uso. Nywele zinakuwa nyeupe na shati bado liko mapajani. Mwisho anafia palepale, filimbi inaanza kulia, na hatuonyeshwi kitu kingine ila lile shati. Mimi nimeiona sijui mara ngapi, na filimbi ile ikianza tu, machozi yananitoka. Sijizuii, wala sitaki kujizuia.

Jirani yangu Tsona hakuipenda. Watu wengine filamu huwachosha, wakasinzia. Yeye haikuwa hivyo. Hakuipenda kama mtu asivyompenda mtu mwenzake, tena hakuficha. Katika mji mdogo kama wetu, hilo lilikuwa sawa na kusema hupendi mkate. Tuliishi ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa mpaka alipofariki. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe tukimenya pilipili hoho za kuoka uani kwake.

Aliolewa akiwa msichana na Gerasim, mchochea makaa kwenye stima ya kuvuta matishali katika mto Danubi. Gerasim alikuwa mtu wa kelele na vicheko. Stima ilipopita mbele ya mji, alimbembeleza nahodha apige honi ili Tsona atoke mlangoni. Wakazaa binti, Bisera. Mtoto alipokuwa bado anajifunza kusema, majira ya baridi, barafu ilivunjika juu ya mto na kushuka yote kwa pamoja, ikaibana stima ile na kuizamisha mbele ya kisiwa kimoja. Maiti za wenzake zilipatikana. Ya Gerasim haikupatikana.

Hapo ndipo kusubiri kwa Tsona kulipoanza, na kulikuwa kusubiri kwa miguu. Alishuka kando ya mto kijiji kwa kijiji akiuliza wavuvi. Mtoto alimwacha na mama mkwe wake, Bi Kuna, ambaye waliishi naye nyumba moja. Aliangalia kila kitu kilichotupwa na maji: mapipa, mbao, ng'ombe waliokufa. Kisha mtu mmoja akamwambia amemwona Gerasim ng'ambo, upande wa Romania, anauza samaki sokoni, anachechemea. Siku zile kuvuka mto halikuwa jambo la kuamka na kwenda. Tsona alipigania kibali karibu mwaka mzima. Alipovuka, alimkuta kweli mchuuzi wa samaki anayechechemea. Alikuwa mtu na mke wake na watoto wake, na hata kimo hakikufanana na cha Gerasim.

"Nikamnunua samaki mmoja," aliniambia. "Sikujua nifanye nini kingine. Nimesimama mbele ya meza ya mtu, nalia. Nikanunua samaki."

Alisubiri hivyo majira manne ya baridi. Katika yale ya nne, jiko la nyumba, lile kubwa la matofali linalopasha joto vyumba vyote, likapasuka na kuanza kujaza moshi ndani. Akaitwa mwashi wa majiko, Spas, aliyefiwa na mkewe, wa kijiji cha pili, mtu mrefu wa maneno machache. Alilibomoa, akalijenga upya, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akarudi kuangalia kama lina ufa. Jumamosi ya pili akarudi tena. Ya tatu, Bi Kuna akamsimamisha mlangoni.

"Spas, jiko langu halina ufa. Unatafuta nini?"

"Natafuta kama lina ufa, mama."

"Haya, ingia ulitafute."

Spas alipoondoka, yule mama mkavu, aliyevaa nguo nyeusi tangu siku ile ya barafu, alimwita mkwewe. Tsona alinipa maneno yale neno kwa neno, na kila aliponipa yalikuwa yale yale, ndiyo maana nayaamini.

"Huyu mtu atakuja tena Jumamosi," Bi Kuna alisema. "Akija mpe chakula, siyo kahawa."

"Mama, mimi nina mume."

"Yuko wapi?"

Tsona akageuka kutazama jiko.

"Nakuuliza, mwanangu. Yuko wapi? Gerasim nimemzaa mimi. Angekuwa juu ya ardhi hii, angekuja hata kwa magoti. Yuko majini, na maji hayamtoi mtu kwa sababu wewe unasubiri. Mimi nitamlilia mpaka nife. Hiyo ni kazi yangu, na anayelia mmoja anatosha nyumba hii. Wewe una mtoto, na kuni hazijipasui."

"Watu watasema."

"Watu hawalali kwenye baridi ya chumba chako."

Mahakama ilimtangaza Gerasim kuwa amefariki, na mwaka huo huo Tsona akaolewa na Spas. Spas alihamia nyumba ile. Kwetu mwanamume anayehamia kwa mkewe huchekwa, na huyu alihamia kwa mama wa mume aliyetangulia. Lakini Bi Kuna mwenyewe alimpokea kizingitini kwa mkate na chumvi, kama anavyopokewa mgeni wa heshima, na basi, midomo ikafungwa. Baadaye miguu ya bibi ilipokufa, Spas ndiye aliyembeba kila asubuhi kumtoa juani na kila jioni kumrudisha ndani. Alimbeba mikononi, na bibi akimwelekeza njia kama vile anaendesha mkokoteni. Mji mzima uliona. Bi Kuna alifia mikononi mwake, wakati Tsona yuko kazini. Siku zile hakuna aliyekuwa na neno na Tsona. Watu walisema, maskini, amesubiri sana, amepata mtu mwema. Walisema "sana". Nalikumbuka neno hilo.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya sitini, ikaja Milkana.

Sisi wanawake wa kiwanda cha kusindika mboga tulipelekwa wote sinema siku ya sikukuu yetu, kila mmoja na ua lake jekundu. Kilio kilichokuwa ndani ya ukumbi ule sijapata kukisikia hata msibani. Aliyelia kuliko wote alikuwa Stamena, msimamizi wetu wa meza ya kufungasha, mwanamke mnene, hodari, mwenye sauti. Mumewe alikuwa karani wa kituo cha treni na hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Tulitoka nje kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, macho mekundu kama maua yetu. Tsona alitoka na macho makavu.

"Mama Bisera," Stamena akamwambia, "moyo wako umetengenezwa na nini?"

"Na nyama, kama wako."

"Hujatoa hata chozi."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini mbele ya jambo kama lile?"

"Nawaza nani anamkamulia mbuzi," Tsona akasema. "Pale mwanzo kuna mbuzi kafungwa mtini. Halafu mbuzi hayupo tena. Na kuni zimepangwa ukutani mpaka juu, miaka ishirini, hazipungui. Nani kazipasua? Yeye hajainuka kwenye benchi."

Tulicheka baadhi yetu, tukijipangusa pua. Stamena hakucheka.

"Yale ni mapenzi, shoga. Mapenzi hayaulizi kuni. Lakini wewe utajulia wapi?"

Vicheko vikakatika. Tsona alimtazama Stamena, akaliangalia ua lake, akaondoka kwa hatua zake za kawaida kwenda nyumbani. Naamini Stamena hakukusudia kuumiza kiasi kile. Alikuwa bado amejaa filamu, na neno lilimtoka. Lakini neno likitoka halirudi, na hili lilipata wenyeji wengi.

Ilikuwa ajabu kuona jinsi mambo yaliyokwisha kupita yalivyoanza kubadilika. Mtu aliyekuwa anasema Tsona amesubiri sana, sasa aliuliza, "Hivi alisubiri miaka mingapi?" Akiambiwa minne anasema, "Minne tu?" Kabla ya filamu, minne ilikuwa mingi. Vijana pale kwenye kona ya duka la mkate walipomwona anakuja walipiga mluzi wa ile filimbi. Na kiwandani, wakati wa pilipili, mafumbo yalipita juu ya meza pamoja na visu.

"Wengine tunafua mashati," mmoja anasema.

"Na wengine wanabadilisha mwenye shati," mwingine anajibu.

Tsona alikuwa anamenya. Mara moja tu alijibu, bila kuinua uso. "Na wengine wanamenya maneno, pilipili zao zinaungua." Na kweli zilikuwa zinaungua.

Yeye alivumilia. Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Spas. Alikwenda kuiangalia filamu ile peke yake, siku ya kazi, adhuhuri, akakaa nyuma. Aliporudi alikaa jikoni na buti zake zenye matope, jambo asilolifanya kamwe. Nilikuwa nimeenda kuazima chujio. Nilitaka kurudi, Tsona akanionyesha kiti, nikakaa.

"Umetoka wapi?" akamuuliza.

"Sinema."

"Ahaa."

"Kuna jamaa mmoja pale anakuja kumposa. Amevaa kofia kama yangu. Watu walikuwa wanamzomea." Akaivua kofia yake, akaiweka mezani. "Tsona, mimi nimekaa kwenye kiti cha mtu?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nauliza."

Tsona aliacha alichokuwa anafanya. Hakuwa mwanamke wa maneno ya mapenzi. Sijawahi kumsikia akisema neno tamu kwa mtu mzima. Alikaa mbele ya mumewe.

"Nikuambie kwa nini siipendi filamu ile," alisema. "Wanadhani siipendi kwa sababu inanisuta. Hainisuti. Mimi siipendi kwa ajili ya Gerasim. Gerasim akinikuta nimekaa nje bila shali alikuwa ananigombeza mpaka mtaa wa pili wanasikia. Sasa hawa wanataka niamini kwamba mtu aliyekupenda, akiwa amekufa, anafurahi kukuona unaganda kwenye theluji na nguo yake mapajani. Ni mtu gani huyo? Wangemfanyia hivyo baba yao? Wamechukua maiti ya watu, wameifanya mtu mwenye roho mbaya, halafu wanalia."

Spas akaisogeza kofia pembeni.

"Na wewe sikukusubiri," Tsona akaendelea. "Wewe ulikuja. Jiko lilikuwa linatoa moshi, ukaja. Vua buti."

Akavua. Mimi nikachukua chujio langu nikaenda. Tangu siku hiyo, nikiilia filamu ile, nalia huku nikijua neno ambalo wenzangu hawalijui. Bado nalia. Sikuwa Tsona.

Lakini maneno ya jikoni hayafiki shuleni. Bisera alikuwa amekua msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye macho ya Gerasim, na alimpenda Milkana kuliko msichana yeyote wa mji wetu. Naweza kuelewa. Hakumkumbuka baba yake hata uso, na hapa kulikuwa na hadithi nzima ya kumkumbukia. Shule ilipoamua kuigiza ile filamu jukwaani, walimchagua yeye, binti wa mtu aliyezama kweli, na mwalimu akalia alipomchagua. Bisera akaja nyumbani mbio.

"Mama, nipe shati la baba. La kweli. Nataka niwe nalo jukwaani."

"Halipo," Tsona akasema.

"Lolote. Hata bovu."

"Hayapo, binti yangu. Moja ulivaa wewe siku ya kwanza ya shule. Lile gauni la buluu lenye mfuko, lilikuwa shati lake. Jingine nilikutengenezea nepi. La harusi tulimzika nalo bibi yako, lilikuwa chini ya kichwa chake, aliliomba. Mengine yalikuwa matandiko yako."

Bisera akasimama pale, rangi imemtoka. "Hata moja hukubakiza."

"Kulikuwa na baridi."

"Milkana asingefanya hivyo."

"Ndiyo," Tsona akasema. "Asingefanya."

Spas aliyasikia hayo kutoka uani. Jioni hiyo aliingia chumbani, akatoa shati lake la sikukuu, jeupe, ambalo halijavaliwa ila kanisani, akalikunja kwa mikono ile mikubwa ya udongo na chokaa, akaliweka mezani mahali pa Bisera. Asubuhi lilikuwa palepale, halijaguswa. Msichana alikwenda kuazima shati la mume wa Stamena.

Siku ya mchezo tulijaa wote. Bisera aliigiza vizuri, mpaka mwenyekiti wa mji alijifuta macho. Tsona na Spas walikaa safu ya mbele na walipiga makofi mpaka mwisho. Watu walimtazama Tsona zaidi kuliko jukwaa, wakitaka kuona kama leo atalia. Hakulia. Kurudi nyumbani, mama na binti walitembea pande mbili za barabara, na Spas katikati, akitazama mbele.

Baadaye Bisera alikwenda mji mkubwa wa Ruse kusomea uuguzi, akabaki huko, akaolewa, akazaa. Alikuja Pasaka, alikuja siku ya kumkumbuka bibi yake. Aliongea na mama yake mambo ya bei na ya hali ya hewa. Baba yake wa kambo hakuwahi kumwita baba, alisema Spas tu, kama anaongea na fundi aliyekuja kuangalia dohani. Naye Spas kila mwaka alimpelekea magunia ya viazi kwa treni, akampangia mayai ndani ya majivu yasivunjike.

Vumbi la matofali ndilo lililomuua Spas. Lilianza kama kikohozi cha kawaida, kisha akawa hawezi kupanda ngazi, kisha hawezi kuvuka ua. Nyakati zilikuwa zimebadilika, serikali ilikuwa imeanguka, kiwanda kimefungwa, sisi sote tumezeeka. Bisera, sasa mama wa watu wazima, alichukua likizo akaja kumuuguza. Hakuitwa. Alishuka kwenye basi na mkoba, akafunga aproni. Alijua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na Spas, aliyekuwa anaona haya hata kwa daktari, alijiachia mikononi mwake kama mtoto.

Machi ikafika. Nilikwenda kwao sikukuu ile na mkate wa jibini niliouoka, nikamkuta Tsona anavaa viatu vya shambani. Filamu ilikuwa inakaribia kuanza, na yeye kila mwaka saa hiyo alikwenda kwenye mizabibu, mvua au theluji.

"Kaa," Spas akamwambia kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Leo tuangalie wote. Nataka nimwone huyo mama mara moja wewe ukiwa karibu."

"Utakohoa."

"Nitakohoa vilevile."

Tsona akavua viatu, akakaa. Bisera aliketi miguuni pa Spas, akimkanda nyayo zilizovimba. Tukaangalia. Nilikuwa najiandaa na leso yangu. Milkana akafua shati, akalikunja, akakaa. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Spas alikuwa anatazama kwa makini kabisa, kama anavyotazama jiko la fundi mwingine. Alipokuja yule mchumba mwenye kofia, akatabasamu.

"Hana mtoto," Bisera akasema ghafla.

Mikono yake ikaacha kumkanda Spas.

"Nimeiona tangu utotoni, sikuwahi kuona jambo hilo. Hana mtoto, mama. Angekuwa na mtoto angeinuka kwenye lile benchi."

Tsona alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Muda ulipita. Spas akasinzia, pumzi ikivuta na kukwama, ikivuta na kukwama, na Bisera akanyoosha mkono, akaizima televisheni ili mgonjwa apate usingizi. Ndiyo mara pekee nilipoiacha filamu ile bila kusikia filimbi. Tsona akainuka kukata mkate, na nilipopita nyuma yake jikoni niliona mabega yake yanatetemeka, kisu kimesimama juu ya mkate. Nikatoka uani nikamwacha.

Spas alifariki miplamu ilipochanua. Sasa palikuja jambo la kaburi. Makaburi yetu yamejaa. Viwanja vipya viko chini, upande wa bondeni, na huko ukichimba hata kwa kina cha kiuno, maji ya mto yanaingia. Juu, penye udongo mkavu, familia ilikuwa na nafasi mbili: kaburi la Bi Kuna, na pembeni yake kaburi ambalo bibi yule alilichimbisha kwa ajili ya mwanawe, wakafukia kofia yake tu, ili awe na mahali pa kuwasha mshumaa. Jiwe lilikuwa na jina la Gerasim na picha yake.

Tsona alimwambia binti yake mbele yetu, mezani, ngano tunayogawa msibani ikichemka jikoni. "Kaburi lile ni la baba yako. Mimi siwezi kusema. Sema wewe."

Padri alikuwa na mashaka, akasema atauliza wakubwa wake. Wanawake walinong'ona. Stamena, aliyekuwa anatembelea fimbo, alisema kwa sauti nje ya lango, "Mume wa pili ndani ya kaburi la wa kwanza. Haya mimi sijayaona." Lakini alisema taratibu, kama mtu anayestaajabu kweli, si kama zamani.

Bisera alikwenda mwenyewe makaburini. Wachimbaji walikuwa wamesimama na majembe yao, wakisubiri waambiwe juu au chini.

"Fungueni hapa," alisema. "Baba mmoja amechukuliwa na maji. Huyu mwingine sitamlaza kwenye maji."

Basi wakafungua. Kofia haikuwepo tena, ilikuwa imekuwa udongo. Spas akalazwa pale, kando ya bibi yule aliyekuwa akibebwa naye juani, na jiwe likaandikwa majina mawili. Tsona alisimama ameshika chuma cha uzio. Bisera alipomwendea, alishika mkono wa binti yake badala ya chuma, na waliteremka kilima hivyo, polepole, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi.

Nilidhani baada ya hapo angelainika, hata kuhusu filamu. Hakulainika. Bisera alimtembelea mara kwa mara, wajukuu walikuja kiangazi, nyumba ilikuwa na sauti. Lakini Machi ikifika alikwenda kwenye mizabibu, na siku moja mtu wa redio ya wilaya alipopita akiuliza wazee kumbukumbu zao za Milkana, Tsona alimwambia, "Andika kwamba yupo mmoja asiyeipenda." Sijui kama yule kijana aliandika.

Stamena naye alifiwa na mumewe. Akavaa nyeusi, akakaa peke yake katika nyumba kubwa karibu na kituo cha treni. Miaka kama mitatu ikapita. Siku moja ya vuli, tukiwa uani kwa Tsona na moshi wa pilipili, tukamwona anaingia na fimbo yake. Hakuwa amewahi kuvuka lango lile. Tsona akamsogezea kiti. Stamena alizungumza habari za miguu, za pensheni, za chupa za achari, kisha akailaza fimbo mapajani.

"Kuna mzee mmoja," akasema. "Mfuga nyuki wa kule juu. Ananiletea asali. Anataka jibu."

"Jibu la nini?" nikauliza, na Tsona akanitazama ninyamaze.

"Anakuchekesha?" Tsona akamuuliza.

Stamena akafikiri. "Ananichekesha. Mpaka naona aibu, peke yangu, akishaondoka."

"Basi."

"Basi nini? Watu watasema nini, Tsona? Mimi? Mimi niliyesema yale yote?"

"Watasema. Mimi walinisema, na unaniona. Nakula pilipili."

Stamena alikaa mpaka jua lilipoanza kushuka. Tulimenya watatu. Alipoondoka, Tsona alimfungia mtungi wa pilipili wa kutosha watu wawili, akamsindikiza mpaka njia panda.

Lakini majira ya baridi yalipoingia, mfuga nyuki yule hakuonekana tena mjini. Nikasikia dukani kwamba Stamena amemkataa, kwamba watoto wake walimwambia wataona haya, na kwamba watu wanamsifu: huyu ndiye mke, wanasema, Milkana wetu. Nikampelekea Tsona habari hiyo nikidhani itamfurahisha kidogo, baada ya yote aliyotendewa. Aliweka chini kisu. Sijapata kumwona na uso ule, hata aliponisimulia ile barafu, hata kaburini.

"Wamemkalisha," alisema. "Wamemkalisha kwenye benchi na yeye."

Akavaa shali, akatoka. Alikaa kwa Stamena mchana kutwa. Kesho yake akaenda tena na supu, na keshokutwa, na hivyo mpaka miguu yake mwenyewe ikakataa. Ndipo Stamena akaanza kuja kwake kwa fimbo. Walichozungumza sikijui. Nikipita nje nilisikia wakati mwingine wanacheka, wakati mwingine kimya, na moto unalia ndani ya lile jiko.

Tsona alifariki kiangazi, mchana, Bisera akiwa amemshika mkono. Sisi wanawake wa mtaa tulikuja na maji na mataulo, kama desturi. Stamena alikuwa amefika kabla yetu. Alimwosha, akamvisha, akamchana nywele, akifanya yote polepole, wala hakutaka tumsaidie.